Mwaka Nilioandika "Hakumbuki"

Mwalimu alizikwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha, na watu wakasema mvua ile ni baraka. Mimi nilinyamaza, maana mvua ya mwezi wa pili huku kwetu humnyeshea mwema na mwizi, na yeye mwenyewe angewauliza, "Mmeyasikia kwa nani hayo?" Hilo ndilo swali alilomuuliza kila mtu maisha yake yote. Nitamwita Mwalimu tu, toka hapa mpaka mwisho wa sura hii. Jina lake analo, tena jina zuri, ila mkono wangu hautaliandika, na sababu yake mtaijua mbele. Tulipotoka makaburini nilikaa sebuleni kwake Kinampanda, kwenye kiti kilekile cha mbao nilichokalia nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwa miguu yangu nikaligusa sanduku la bati chini ya meza. Lilikuwa palepale. Nikalia sana, kisha nikajicheka, kwa kuwa nilikuwa sijamlilia hivyo hata pale kaburini.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Shangazi yangu aliyekuwa akiishi Kinampanda alinichukua ili nisikae nyumbani nikitazamwa. Lakini kutazamwa hakuchagui mji. Kila aliyepita kuomba moto au kurudisha ungo aliniambia kwamba Mungu ana mpango wake, na kila nilipoambiwa hivyo nilitamani nipewe mimi huo mpango niusome mwenyewe. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni mwandiko. Siku moja jioni Mwalimu, jirani yetu, mstaafu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akaja mlangoni kwa shangazi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Nasikia humu kuna mtoto ambaye maandishi yake yanasomeka. Namwomba kwa mwaka mmoja. Mshahara sina, chakula kipo." Shangazi akaguna. "Umwombe akafanye nini, Mwalimu? Akasaidiane na wewe kufukua makaburi?"

Shangazi alikuwa akiutania mkutano. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, wapenda historia wa Iramba yote walikutana kwa siku mbili katika shule fulani wakati wa likizo. Walikuwa walimu, wainjilisti, wakulima, mafundi cherehani, na Waislamu wachache wa mjini Singida ambao wazazi wao walifanya biashara huku. Hakuna aliyewafadhili. Kila mtu alikuja na unga wake, mkeka wake wa kulalia na habari yake moja. Habari hiyo, kama ingekubaliwa, iliandikwa kwenye Kitabu, daftari kubwa la jalada gumu lililovalishwa karatasi ya kaki, na Kitabu kililala kwenye lile sanduku la bati. Kanuni ilikuwa moja. Msimulizi lazima amtaje kwa jina yule aliyemsimulia. Mwalimu aligonga jalada kwa kidole na kusema, "Neno lisilo na mwenyewe halilali humu ndani." Mimi nikawa karani. Nilikaa kwenye kile kiti, nikinakili barua, na kutoka jikoni Mama Mwalimu aliniletea ugali wa uwele na mlenda na maziwa mgando, akiniambia nile kwanza, wafu hawana haraka. Siku za Jumapili kijana wao Elia, fundi redio wa Singida mjini, alikuja na kukaa kimya upande wa pili wa meza akifungua redio ya baba yake ambayo, kwa kumbukumbu yangu, haikuwa mbovu. Sikumtilia maanani. Nilikuwa mtu wa Kitabu.

Shauri la mwaka ule lilikuwa la mawe. Kinyangiri, ambayo siku hizo ilikuwa bado Iramba kwa kuwa Mkalama haijawa wilaya, palikuwa na rundo refu la mawe juu ya kilima nyuma ya kijiji, na kijiji kilitaka kuyaponda yawe kokoto za msingi wa zahanati. Sisemi walikosea. Wanawake walikuwa wakijifungulia njiani. Bwana Shango, mwanachama wetu ambaye ujana wake aliumalizia kuwabebea wapima ardhi minyororo yao ya kupimia, alikuwa ameandika kwamba mawe yale ni alama za mipaka ya wakati wa wakoloni, hayana mwenyewe, yapondwe. Lakini Mwalimu alisikia kwamba yuko bibi mmoja, Bibi Damari, mjane, anayesema vingine. Kama maneno yake yangeingia Kitabuni, mkutano ungekiomba kijiji kiyaache. Yasipoingia, basi. Akanituma mimi nikamhoji kabla ya mkutano. Nilipanda juu ya lori la magunia ya alizeti, nikiwa na karatasi yangu iliyopigwa mistari kwa rula, na nikashuka Kinyangiri nikijiona ofisa.

Upepo wa kule mnaujua. Mlango wa jiko la Bibi Damari ulizuiliwa na nusu ya jiwe la kusagia lililovunjika, ili usibamize, na kitu cha kwanza nilichofanya nyumbani kwa watu ni kujikwaa kwenye lile jiwe mpaka kucha ya kidole gumba ikainuka. Bibi akanicheka kwanza, ndipo akanipa pole. Akanikalisha kwenye kigoda, akanikaangia mayai kwa mafuta ya alizeti, na wakati anakaanga akanisimulia. Wakati wa njaa kubwa, alisema, watu waliondoka kwenda kutafuta chakula mbali. Kila aliyeondoka alipanda kilimani akaweka jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Akirudi, jambo la kwanza, kabla hata ya kunywa maji, alikwenda kulitoa jiwe lake akalitupa korongoni. "Kwa hiyo haya unayoyaona, mjukuu wangu, ni ya wale ambao hawakurudi. Lile si rundo la mawe. Ni watu." Nikaandika yote, mwandiko ukinawiri. Nikafika mstari wa mwisho wa karatasi. "Bibi, haya ulisikia kwa nani?" Akasema, "Kwa mwenye boma hili." Nikauliza jina lake. Akageuza yai. Nikauliza tena, kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo wajinga wakiongea na wazee. Akasema, "Kula, litapoa." Nikala, na mdomo ukiwa bado una mafuta nikaandika kwenye ule mstari: hakumbuki.

Mkutano ulifanyika palepale Kinyangiri, darasani, wazee wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwepo, na alishatangaza kwamba vijana wenye nyundo wanaanza Jumatatu. Asubuhi ya siku ya pili Mwalimu, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano, akanipa ishara nisome. Nilisoma vizuri. Naweza kusema hivyo bila haya, nilisoma vizuri mno, watu wakatulia hata wale wenye vikohozi, mpaka nilipofika mwisho: "Amesikia kwa nani: hakumbuki." Bibi Damari, aliyekaa dawati la mbele, akainua uso.

"Nani hakumbuki?"

"Wewe, bibi," nikasema, nikidhani hakusikia.

"Mimi?" Akawageukia watu. "Mimi Damari sikumbuki?"

Bwana Shango akasimama. Alikuwa mtu mwembamba, suti ya kaunda, kalamu tatu mfukoni. "Ndugu Mwenyekiti, mama yetu tunamheshimu sana. Ila kanuni ni kanuni. Aliyemwambia ni nani? Kama hatajwi, basi hizi ni habari za jikoni." Mwalimu akamuuliza Bibi kwa upole kama anaweza kumtaja. Bibi akavuta khanga mpaka kidevuni. "Siwezi," akasema. Darasa zima likaguna, wengine kwa huruma, wengine kwa njaa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema habari hii iwekwe pembeni mpaka baada ya chakula. Nilimwona Bibi akitazama mikono yake mapajani, na nikajiambia kwamba nimetimiza wajibu wangu. Ndivyo nilivyokuwa.

Chakula kilipikwa nyuma ya madarasa. Siku hiyo palikuwa na kuku, kuku wa kwetu wenye mifupa migumu na mchuzi usiosahaulika, nami nilitumwa kuchukua bakuli za meza kuu. Nikiwa bado nyuma ya ukuta nikamsikia Mama Rehema, mpishi mkuu, akisonga ugali na kusema kwa kufuata mapigo ya mwiko. "Hawa wasomi hawa. Wanataka bibi wa watu amtaje baba mkwe wake mchana kweupe, mbele za wanaume! Hata mjukuu wake aliyerithi lile jina yeye humwita Babu. Leo ndiyo alitamke kwa ajili ya karatasi?" Mwenzake akamjibu, "Na yule karani wao je? Ana mama kweli?" Mama Rehema akasema, "Bweni hilo. Bweni limemlea." Wakacheka.

Nilisimama na bakuli tupu mkononi, uso ukiniwaka. Wangesema nimesahau kusoma ningevumilia. Kilichoniuma ni kwamba mila ile niliijua. Nimekua nikimsikia mama yangu akimwita babu yetu "mzee wa kule". Sijamsikia akitaja jina lake hata siku moja, hata alipoumwa homa ya kuweweseka. Mwenye boma ni baba mkwe. Mtoto wa miaka mitano angeelewa. Lakini nilikuwa nimeshika kalamu, na kalamu ilinifanya mgeni kwetu. Nilimwandika mwanamke mwenye kumbukumbu kuliko wote mle darasani kwamba hakumbuki, kwa sababu tu alikuwa na adabu kuliko wote.

Tuliporudi ndani nikanyoosha mkono. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Karani huandika. Hasemi."

"Naomba kusahihisha nilichoandika, Ndugu Mwenyekiti."

"Sahihisha."

Nikasema, "Nimeandika Bibi Damari hakumbuki. Si kweli. Anakumbuka. Aliyemsimulia ni baba mkwe wake, kwa hiyo hawezi kumtaja. Nilipaswa kujua, na nimemwaibisha mbele zenu. Bibi, nisamehe." Bibi hakunitazama, lakini khanga ilishuka kidogo kutoka kidevuni. Bwana Shango akakuna kichwa, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Sawa. Lakini jina bado hatuna." Hapo Mzee Salimu, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Singida mjini, mnene, mcheshi, akajikwamua kutoka kwenye dawati. "Mimi si mkwe wa mtu hapa," akasema, na watu wakacheka, "kwa hiyo mdomo wangu hauna kufuli. Mwenye boma lile alikuwa Gunda. Marehemu baba yangu alinunua ngozi kwake, na mimi nimekula kwake." Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Gunda, ndiyo." Mwingine akasema, "Gunda." Likapita darasani dawati kwa dawati, kila aliyemjua marehemu akilitamka, mpaka likamfikia Bibi Damari, nalo lilipomfikia akainamisha kichwa.

"Huyo," akasema.

Kisha akasimama, akasimulia upya, kwa mdomo wake, na niliona aibu jinsi karatasi yangu ilivyokuwa imepunguza. Alisema baba mkwe wake alimsimulia yeye, bibi harusi mgeni, na si watoto wake wa kiume, kwa kuwa yeye ndiye aliyepita chini ya kilima kila asubuhi kwenda kisimani. "Aliniambia, wanaume watauza hata kivuli. Wewe tazama mawe yale kila siku, usije ukasema hukuambiwa." Alisema kaka mkubwa wa mzee huyo naye aliondoka wakati wa njaa, na hakuweka jiwe la mlimani. Jiwe la kusagia la mama yao lilikuwa halina kazi, maana nafaka haikuwepo. Akalivunja. Nusu akaiweka kilimani, nusu akaiacha nyumbani. Bwana Shango akauliza, "Na hiyo ya nyumbani iko wapi, mama?" Kabla Bibi hajajibu, kidole gumba changu kilijibu. Nikapiga ukelele, "Iko mlangoni!" Wote wakanigeukia. Kwa karani asiyeruhusiwa kusema, siku hiyo nilivunja kanuni zote.

Tulipanda kilimani wote, upepo ukipeperusha khanga na kanzu. Mama Rehema alibeba ile nusu kichwani ndani ya karai, maana alisema hawezi kubaki na masufuria wakati kuna mambo. Aliyetafuta zaidi ya wote ni Bwana Shango. Alipiga magoti na suti yake, akainua jiwe moja moja na kulirudisha palepale lilipokuwa, bila kulitupa hata moja, na jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa Kiomboi alipoita, "Njooni." Ile nusu ya pili ilikuwa imezama ardhini, ile sehemu yake laini ya kusagia imelala chini. Mama Rehema akaishusha ya kwake. Wakazisogeza pamoja. Zikakaa, ufa kwa ufa, na lile bonde lililolika kwa mikono ya mwanamke asiyejulikana likawa bonde moja. Bibi Damari akaliwekea kiganja, akalipitisha mbele na nyuma, kama asagaye. Bwana Shango akavua kofia. Baada ya muda akamwambia mwenyekiti wa kijiji, "Mawe ya kokoto yapo kilima cha pili. Jumatatu nitakuja na hao vijana, nitawaonyesha mwenyewe." Akaja kweli. Zahanati ikajengwa, na rundo lipo mpaka leo.

Jioni ile Mwalimu alinifungulia Kitabu kwa mara ya kwanza niandike kwa mkono wangu. Nilitaka karatasi yangu ya mahojiano ichanwe. Akakataa, akaibandika ukurasa wa pili kwa gundi ya unga. "Kosa ni historia pia," alisema. "Lipige mstari, lisomeke." Nikalipiga mstari kwa rula, na chini yake nikaandika: Anamkumbuka. Hamtaji kwa heshima. Ametajwa na mkutano. Toka mwaka ule hiyo ikawa kanuni ya pili: shahidi asiyeweza kutamka jina, mkutano utalitamka kwa niaba yake. Nimefundisha shule kwa miaka mingi baada ya hapo, nimepewa vyeti na saa ya ukutani, lakini nikiulizwa nimefanya nini duniani nautaja ule mstari. Ninajivunia, na simwombi mtu radhi. Msichana asiyechaguliwa alisimama mbele ya watu wazima akasema nimekosea, na watu waliokuwa mawe wakabaki watu.

Elia, yule fundi wa redio isiyo mbovu, alinioa miaka miwili baadaye. Basi mmeshaelewa. Toka siku ile ya harusi Mwalimu ni baba mkwe wangu, na jina lake limefungwa mdomoni mwangu. Wanangu wananicheka, wanasema mama umesoma. Nawajibu kwamba kusoma ndiko kulikonifundisha. Mwaka jana alipokuwa mgonjwa nilikaa naye mchana, nikimlisha uji, naye akasimulia. Siku moja akaniambia kwamba asubuhi ile ya Kinyangiri alijua tangu mwanzo kwa nini Bibi Damari alinyamaza. Nilimkasirikia, kitandani hapohapo. "Ulimwacha aaibike, baba?" Akafumba macho. "Ilikuwa mpaka chakula tu. Usingesimama, ningesema mimi. Lakini ningesema mimi, ungebaki unaandika hakumbuki maisha yako yote." Sijui kama nimemsamehe hilo. Bibi Damari alistahili asubuhi yake pia. Lakini nililibeba, kama nilivyobeba mengine aliyonipa siku zile.

Mwezi wa nane mwaka huu mkutano ulikuwa Nduguti, kwenye ukumbi mpya karibu na ofisi za wilaya, viti vya plastiki, kipaza sauti, maji ya chupa. Kulikuwa na ubishi kuhusu mkutano wenyewe. Vijana wanaandaa Kitabu kiingie kwenye kompyuta, na wengine walisema mkutano ulianzia Singida mjini, wengine shuleni Kiomboi. Mimi nilijua. Ulianzia kwenye ile sebule ya Kinampanda, watu watatu na redio, ugali ukiwa mezani, kwa sababu mmoja wao alikuwa amezika mama yake wiki ile na akagundua hajui jina la bibi yake. Mmoja huyo alinisimulia mwenyewe, kijiko cha uji kikiwa mkononi mwangu. Nikasimama nikasimulia mpaka mwisho. Karani wa sasa, Neema, binti mdogo mwenye kucha za rangi na mwandiko usiohitajika tena, akauliza bila kuinua macho kwenye kompyuta yake, "Mama, haya ulisikia kwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nilijua kanuni, niliiandika mwenyewe, lakini waliokuwa darasani Kinyangiri karibu wote wamelala, na ukumbi ule ulijaa sura ngeni. Nikawaza, je, wanaijua bado? Neema akainua macho. "Jina lake, mama?" Nikaona vidole vyake vikirudi juu ya kibodi, na mwili wangu wote ukasisimka, kwa kuwa nililijua neno ambalo vidole kama vile huandika. Nikavuta khanga mpaka kidevuni. Sikuwa nimepanga, mkono ulikwenda wenyewe. Na Neema akaniangalia, akaiangalia khanga, akaondoa mikono yote miwili kwenye kompyuta. Akasimama, akaugeukia ukumbi. "Jamani," akasema, "mama yetu ni mkwe. Tumsaidie."

Kwanza ilikuwa sauti moja, ya mzee mmoja karibu na dirisha. Kisha mbili. Kisha ukumbi mzima, waliomjua na waliosoma tu habari zake Kitabuni, Waislamu kwa Wakristo, wapishi waliosimama mlangoni na matambara ya kushikia sufuria, wakalitamka jina la baba mkwe wangu, lote, jina lake na la baba yake, mara moja, kwa sauti kubwa. Sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa namna ile hata siku ya maziko. Nikainamisha kichwa.

"Huyo," nikasema.